Fundi wa laptopu Ngamiani kachukua elfu arobaini yangu, vumbi kaliacha mlemle

Jamani naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Mashine yangu ndo inanilisha, nahariri video za harusi, na ilipoanza kukwama kila nikitoa video ndefu nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Ngamiani, duka silitaji. Akanichaji elfu arobaini ya sevisi, kusafisha feni na kubadili pesti ya prosesa, ile krimu ya kupitisha joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye shaba. Nafika nyumbani nawasha, nafungua HWMonitor, programu ya kuonyesha joto la mashine, prosesa inagonga nyuzi 98 zilezile, feni inavuma nyumba nzima, na spidi inashuka yenyewe maana chipu ikikaribia 100 inajipunguza isije ikaungua.

Nikarudi. Mbele ya wateja ananiambia, "Dada yangu, hii Tanga, joto lote hili la kaskazi unataka kompyuta iwe barafu? Kanunue eisii." Watu wakacheka. Yaani lile linaniuma kuliko hata hela. Chumba chenye 32 kinaipandishaje prosesa mpaka 98? Joto linatoka kwenye chipu yenyewe, likikosa pa kutokea linabaki humohumo!

Kijana wake wa kazi ndo akaniita pembeni, "Samahani dada, lete nikuangalizie." Akafungua mfuniko wa chini, weee, kati ya feni na yale mapezi ya shaba ya kutolea joto vumbi limeshikana na unyevu wa bahari limekuwa zulia, kalibandua kwa kucha likatoka kipande kizima. Pesti imekauka inapukutika unga, kwenye prosesa na kwenye chipu ya grafiki, na mirija ya shaba inayobeba joto la zote mbili ni hiyohiyo, moja ikizidiwa na mwenzie anaumia. Kijana akafuta kwa spiriti, akaweka pesti mpya tone dogo katikati, akakaza skrubu kwa mshazari ili shaba ilale sawasawa. Sasa hivi nikitoa video inacheza 75.

Kwa hiyo nilishataka kusema nendeni tu, ila mumuulizie kijana, anajua kazi na ana adabu. Halafu natoka, bosi ananidai elfu kumi eti pesti imetumika. Pesti ipi, wakati niliyolipia mwanzo hakuweka? Hapana, nafuta, msiende, hela yote inaingia droo ya yuleyule. Kijana nilimpa chake mkononi. Arobaini yangu bado naidai.