Nimejaribu apu tano za kuendesha baiskeli ndani, nimebaki na moja na nusu

Nilinunua trena, ile mashine unachomoa gurudumu la nyuma unafunga baiskeli juu yake unakanyaga hapo hapo ulipo, nikajua kazi imeisha. Kumbe ndo kwanza. Ukikanyaga huku unatazama ukuta dakika kumi zinakuwa saa, jasho linachuruzika, hujafika popote, unashuka. Ndo nikaanza kutafuta apu, na kila niliyemuuliza akanisifia ya kwake kama anasifia timu ya mpira.

Nianze na Zwift maana ndo inatajwa kila kona. Ni kama gemu, una kikatuni chako kinaendesha kwenye kisiwa cha kubuni kinaitwa Watopia, au London, au New York iliyochorwa, apu inaiongoza trena, ukifika kilima inabana, ukiteremka inaachia, na ukijificha nyuma ya mwenzio unatumia wati chache, yaani nguvu ya kukanyaga, kwa spidi ile ile, yaani hata upepo ambao haupo wameupigia hesabu! Kuna mlima wao, Alpe du Zwift, wameunakili kutoka Alpe d'Huez ya Ufaransa, kona 21, kilomita 12 na ushee za kupanda tu. Mara ya kwanza nilifika juu nimelalia hendo. Baadaye ndo naambiwa kuna seting ya ukali wa mlima na inakuja ikiwa asilimia 50, maana yake mwinuko wa asilimia 10 mguu unausikia kama wa 5. Watu wanagombana kweli kuhusu hii, wengine wanaita udanganyifu, ila kusema ukweli kufika juu ndani ya muda ule ule unahitaji wati zile zile, tofauti ni gia unazotumia. Mi nimeiacha hapo hapo.

Ubaya wa gemu ni kwamba linakuchokoza. Siku ya kwenda taratibu ukiona mtu anakupita unasahau kila kitu, unamkimbiza, keshokutwa miguu mbao.

Rouvy ni kitu kingine, hapo ni barabara za kweli zimepigwa video, wewe unawekwa juu ya video unapita. Kama una mbio unakwenda kushiriki na njia yake imo humo, usifikirie mara mbili, utaijua kila kona kabla hujafika. Mimi nilinogewa wiki mbili hivi. Halafu nikagundua ukipanda polepole na video nayo inakwenda polepole, hata wapita njia wanatembea kama wako ndani ya maji, nikawa nawaangalia wao badala ya kufanya mazoezi. Hilo ni langu mimi.

TrainerRoad haina kisiwa wala kikatuni. Ni grafu. Vipande vya bluu vinapanda vinashuka na wewe unavifuata, muziki au muvi jitafutie mwenyewe. Ukiitazama hivi utasema wanalipisha watu kwa kitu gani, lakini ndo apu iliyonifundisha kufanya mazoezi kwa mpango, inakuangalia ulivyomaliza kipindi cha leo halafu inakupangia kinachofuata kigumu zaidi au chepesi zaidi. Na iwe apu yoyote ile, jua FTP yako kwanza, ni wati unazoweza kuzishikilia kwa kama saa moja, ukitaka kupima njia ya mkato kanyaga dakika 20 kwa uwezo wako wote halafu chukua asilimia 95 ya wastani wako. Ukidanganya hapo, mpango wote umeharibika. Ukiwasha ERG trena yenyewe ndo inakushikilia kwenye wati zilizopangwa, na mtego wake ni kwamba ukipunguza kasi ya miguu inabana zaidi, ukizidi kupunguza inazidi kubana, mpaka pedali zinagoma kabisa. Dawa yake chapuza miguu kidogo kabla kipande kigumu hakijaanza, usisubiri kikukute umelala.

MyWhoosh ni bure. Ndiyo, bure kabisa, ni ya Falme za Kiarabu, na sio ya kuchezea maana mashindano ya dunia ya baiskeli za mtandaoni ya UCI, chama cha baiskeli cha dunia, yaliyoanzia kwenye Zwift 2020, mwaka 2024 yalifanyika humo. Kama ndo unaanza hujui hata kama utadumu na trena, anzia hapa.

Mimi nimebaki na Zwift ya kulipia, na hiyo MyWhoosh ndo nusu, kwa miezi ambayo nasitisha malipo. Wala sio kwa sababu ya picha, picha zote unazizoea. Ni kwamba kuna kundi linaondoka saa fulani na wananijua, nisipotokea wanauliza, na siku ya uvivu hicho ndo kinachonipandisha kwenye baiskeli, grafu haijawahi kuniuliza uko wapi. Wewe kama unapenda kukaa peke yako na namba zako, huenda ukachagua kinyume changu na ukawa sahihi.

Kabla hujalipa angalia vifaa. Trena ya kawaida isiyo na akili haitakubania mlima wala ERG haitafanya kazi, apu itakisia tu wati kutokana na spidi. Na Bluetooth kwa trena nyingi inashika kifaa kimoja tu, mimi nimewahi kuhangaika nusu saa laptopu haioni trena, nazima nawasha, nachomoa nachomeka, kumbe simu iko mfukoni na apu nyingine imeing'ang'ania.

Malipo ya mwaka usikimbilie. RGT, apu nyingine ya aina hii, ilikuwa na watu wake wanaipenda, ikafungwa 2023.

Ya tano siitaji jina. Niliingia kwa majaribio, nikaweka kadi, nikajiambia nitaifuta kabla siku hazijaisha, nikasahau, wakakata ya mwaka mzima. Imebaki miezi saba na siifungui hata kwa bahati mbaya.