Ziwa la B-52, Hanoi: kuingia bure, usimlipe mtu akupeleke

Nyota nne kati ya tano, na hizo nne ni za bwawa, yule aliyenipeleka mara ya kwanza simpi hata nusu.

Iko hivi. Nilikuwa Hanoi siku chache nikaona kampuni moja inatangaza safari ya "Ziwa la B-52", dola 30, nikasema poa. Tunapita vichochoro vya Ngọc Hà vile vyembamba, pikipiki zikipishana we unajibana ukutani na kitumbo chako, mara jamaa anayetutembeza kasimama, mi nikajua anafunga kamba za kiatu. Kumbe ndo tumefika. Ziwa lenyewe bana ni kibwawa, jina lake Hữu Tiệp, maji ya kijani, nyumba za watu zimekizunguka kila upande, na katikati limechomoza lichuma lina matairi. Dakika tano, akataja namba mbili tatu, akatuswaga kwenye duka la hariri la shemeji yake. Nilikasirika mpaka nikarudi mwenyewe kesho yake asubuhi na bodaboda ya kwenye apu, hela ya kunywea soda tu, ndo nikaliona vizuri.

Sasa lile lichuma ni kipande cha B-52, ndege ya mabomu ya Marekani. Desemba 1972, kwenye Vita ya Vietnam, rais wa Marekani Nixon aliamua kuipiga miji ya Hanoi na Haiphong kwa B-52, zikawa zinaruka kutoka kisiwa cha Guam na U-Tapao kule Thailand, wakaanza tarehe 18, wakapumzika siku ya Krismasi (eti sikukuu), tarehe 26 wakarudi tena mpaka 29. Hii ya hapa ilitunguliwa usiku wa tarehe 27 kwa kombora la Kisovieti, SA-2, kibao cha pembeni kinasema ni batalioni ya 72 ndo waliipiga. Ndege ina injini 8 na mabawa kutoka ncha hadi ncha yanafika mita 56, hebu vuta picha linakuja linawaka juu ya mabati ya Tandale we umelala na watoto. Na Ngọc Hà enzi hizo walikuwa wanalima maua, ndo sifa yao tangu zamani, kijiji cha maua.

Wangeweza kulitoa wakaliuza skrepa. Wameliacha pale pale lilipoangukia, na mtaa umeendelea nalo. Mi nilikaa kama saa nzima. Mpira wa tairi bado upo, umepasuka pasuka kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Kuna bibi alikuwa anaosha mboga nje kwake, nikainua simu nipige picha, akanyanyuka bila kusema neno akasogeza beseni lake lisitokee, akaniashiria haya piga. Nikamuinamia kichwa kumshukuru maana Kivietnam changu kinaishia kwenye kuagiza kahawa. Watoto wa shule ya jirani wanapita hata hawaliangalii, kwao lile ni kama mwembe wa mtaani.

Nyota ya tano nimeibania kwa sababu kibao ni kifupi mno, ukienda hujasoma chochote utaona vyuma vya kutu uondoke. Kwa hiyo unganisha na Makumbusho ya Ushindi wa B-52, namba 157 mtaa wa Đội Cấn, unatembea kwa mguu tu na kuingia ni bure pia. Uwanjani wamerundika mabaki ya ndege kama gereji ya Mungu, na makombora yenyewe yapo ukayaone yalivyo marefu. Ila hesabu uzisome kwa akili: Vietnam wanasema walitungua B-52 34, Wamarekani wanakubali 15. Yule mtembeza wageni wangu nilimuuliza kuhusu hiyo 15 akajifanya anapokea simu.

Af ukiwa na muda nenda na mtaa wa Khâm Thiên, ni upande mwingine wa mji, chukua pikipiki. Ndege iliyoanguka imepata sifa zote lakini zilizofanikiwa kudondosha mabomu ndo zilipita kule, usiku wa tarehe 26. Palipobomolewa nyumba wameweka sanamu ya mama kambeba mwanawe aliyekufa. Kwa hesabu ya Vietnam raia waliokufa siku zile zote, Hanoi na Haiphong, ni 1,624. Pale sikupiga picha.

Kufika: mwambie wa pikipiki "Hữu Tiệp, Ngọc Hà", akikushusha barabarani ingia kichochoroni kwa miguu. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, na ununue kahawa ya maziwa kwa mtu wa mtaani pale pale, ni kali na tamu balaa, ile dola 30 ingeninunulia vikombe vya mwezi mzima.