TAHADHARI: Muuzaji wa Land Rover za zamani za dizeli anayepandikiza namba za chasisi

Ndugu zangu mnaopenda magari ya zamani, kama kuna mtu amewatangazia Land Rover Series III ya dizeli "inayohitaji matengenezo madogo tu", nawaomba msimtumie hata senti kabla hamjasoma haya. Mimi nimeliwa, na aliyenila bado yuko kazini.

Jina lake simtaji. Kesi iko polisi, halafu jina alilonipa mimi silo alilowapa wenzangu wawili niliowapata baadaye. Majina anabadilisha. Mbinu habadilishi, kwa hiyo nitaeleza mbinu.

Tangazo lilikuwa na picha sita. Gari limesimama kwenye majani marefu kando ya ukuta wa matofali, bodi imenyooka, rangi imechujuka kidogo tu. Maelezo yalisema gari ni la marehemu baba yake, limekaa bila kutembea miaka mingi, karatasi zote zipo. Hilo la karatasi lilikuwa kweli kabisa, na ndiko mtego ulikotegwa.

Kwanza niwaambie kwa nini picha za namna hiyo zinatuponza. Land Rover tangu zianze kutoka mwaka 1948 zimevikwa bodi ya aloi ya alumini, maana baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza. Alumini haili kutu kama chuma. Lakini bodi hiyo imekalia chasisi ya chuma yenye uwazi ndani, na matope yakishaingia humo hayatoki. Inaoza kutokea ndani. Unaweza kukuta gari linapendeza juu, huku boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia tela, ukiigonga kwa nyundo inaachia maganda. Majani marefu kwenye picha hayakuwa bahati mbaya. Yaliziba chini kote.

Alinipangia saa tisa alasiri, akabadilisha mahali mara mbili, nikafika jua linazama. Akapiga stata, injini ikaitika mara moja. Moyo wangu ukaruka. Nilikuwa nimelitafuta gari hilo muda mrefu, nimeshajiona nalifungua bolti moja moja.

Fundi wangu alipokuja kusikia habari hiyo aliniuliza swali moja tu: "Ulilikuta la baridi?"

Sikuwa nimegusa hata boneti. Injini hizi za dizeli za sentimita za ujazo 2,286 zina plagi nne za kupasha joto, na kwa waya za kiwandani umeme hupita plagi moja kwenda nyingine kwa mfululizo. Moja ikikatika, zote nne zimekufa. Injini ikiwa ya moto haijali, inawaka bila plagi. Ikiwa ya baridi ndipo inasema ukweli. Kesho yake asubuhi, nyumbani, nilizungusha stata mpaka betri ikalala. Tulipoweka betri nyingine ilikohoa, ikatoa moshi mweupe uliojaa uwanja mzima. Fundi akapima mgandamizo: silinda mbili zimechoka.

Na magurudumu ya mbele je? Ndani kuna wenzo wenye kichwa cha njano, ukiukandamiza chini magurudumu yote manne yanavuta. Niliukandamiza mbele yake, ukashuka laini, nikaridhika. Kumbe propela shafti ya mbele, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, haipo kabisa, imefunguliwa. Ungeiona tu kama ungelala chini ya gari. Nilipotaka kulala chini aliniwahi: "Utachafua nguo bure ndugu yangu, kuna mafuta." Akanishika bega kwa upole, akaniletea hati.

Hayo yote ningeyameza. Anayenunua gari la kufufua anajua kwamba atafungua injini, atatafuta spea, atachomelea. Jambo ambalo siwezi kulimeza ni namba.

Namba ya chasisi ya gari hili imegongwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikia. Nilimulika kwa simu, nikaisoma tarakimu moja moja nikilinganisha na hati. Ililingana yote. Nikalipa, tukapeana mikono.

Wiki ya pili fundi alianza kukwangua lami nyeusi iliyopakwa chasisi nzima, apate kuona wapi pa kuchomelea. Lami ilikuwa bado laini, inaingia kwenye kucha, wakati gari eti limekaa miaka. Alipofika karibu na namba akanyamaza, kisha akaniita. Kuizunguka namba kulikuwa na mstari wa kuchomelea, umesagwa kwa grainda ukawa bapa, kisha ukafichwa kwa lami. Umbo lake mraba wa ukubwa wa kiganja. Kipande chenye namba kilikatwa kwenye chasisi nyingine kikapandikizwa hapa. Nikaenda kutazama bamba la namba lililo ndani ya gari: ribiti zake zinang'aa kama sarafu mpya.

Maana yake ni kwamba hati nilizonazo ni halali, ila ni za gari lililokwisha kufa na kukatwakatwa. Gari lililosimama kwangu sijui ni la nani. Huenda limeibwa kwa mtu anayelitafuta mpaka leo, na hilo linaniuma kuliko fedha yangu. Wakaguzi wamelizuia. Siruhusiwi kulifungua, wala kuliuza, hata kama spea.

Kwa hiyo mkienda kutazama gari la aina hii kwa mtu yeyote, nendeni asubuhi na mwambieni asiliwashe kabla hamjafika. Ukifika, weka mkono kwenye injini kabla hujasalimiana sana. Ikiwa na vuguvugu, uliza kwa nini. Kusoma namba hakutoshi. Beba brashi ya waya na kitambaa chenye dizeli, omba ruhusa usafishe pembeni ya namba mpaka chuma kionekane. Chuma cha kiwandani kinaendelea bila kukatika. Ukiona mshono hapo, ondoka. Mwenye gari lake halali hana sababu ya kukukatalia brashi. Lami mbichi kwenye gari bovu nayo iogope, kwa sababu hakuna anayehangaika kulipaka chini gari ambalo hata haliwaki.

Nyie mnaouza magari mabovu kwa haki, mtu kama huyu anawaharibia. Pigeni picha za chasisi na za namba ikiwa imesafishwa, wekeni na video ya injini ikiwashwa ya baridi, hata kama inakohoa. Sisi wanunuzi tutalipenda hivyo hivyo.

Juzi nimeona ametangaza lingine. Safari hii ni fupi, lile la inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, la kijani. Ukuta wa matofali ni ule ule, tofali la tatu kutoka chini limemeguka pembeni, na maneno ni yale yale ya marehemu baba. Kama umeshalipa chochote, tunza ujumbe wote mliotumiana na uthibitisho wa malipo. Kama gari liko kwako tayari na umeona mshono kwenye namba, acha kukwangua hapo hapo, piga picha likiwa kama lilivyo, peleka polisi, kisha niandikie. Tukifika watatu wenye picha za ukuta huo, itakuwa vigumu kwake kusema aliponzwa na dalali, kama anavyodai sasa.