Plastigage: uzi mdogo wa kupimia beringi za krenki

Anayefanya ovaholi ya injini kuukuu nyumbani hukutana mapema na swali hili: beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) zilizotoka zirudi, au zibadilishwe? Maikromita nzuri, kifaa cha kupimia unene, ni ghali. Plastigage ni uzi mwembamba wa plastiki laini, wa bei ndogo sana, na kwa kazi hii moja unatosha.

Huuzwa kwa rangi. Kijani hupima nafasi, yaani upenyo kati ya beringi na shingo ya krenki (sehemu inayozunguka ndani ya beringi), ya milimita 0.025 hadi 0.076, nyekundu 0.051 hadi 0.152, bluu 0.102 hadi 0.229. Kwa injini nyingi ndogo nunua kijani. Kwa makadirio, shingo ya krenki yenye kipenyo cha milimita 50 hutaka nafasi ya kama 0.05, lakini ufuate kitabu cha injini yako. Injini ya silinda nne yenye shingo kuu 5 na za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) 4, kila moja upana wa milimita 20 hivi, hula sentimita 18 za uzi. Nunua na ziada, maana kipande kilichobanwa hakitumiki tena.

Futa oili yote kwenye shingo na beringi, kwani oili huuyeyusha uzi. Kata kipande kinachoenea upana wa beringi, kilaze sambamba na krenki, mbali na tundu la oili. Rudisha kepu (kifuniko cha beringi) ile ile kwa upande wake ule ule, kisha kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa awamu hadi kipimo cha kitabu. Bolti zikiwa za kubadilishwa kila zikifunguliwa, pimia kwa zile kuukuu na uzihifadhi mpya kwa kufungia mwisho. Krenki isizunguke hata kidogo, la sivyo uzi unapakaa na inabidi uanze upya.

Ukifungua kepu utakuta utepe wa kijani umegandamana na chuma. Linganisha upana wake na alama zilizochapwa kwenye karatasi ya uzi: utepe mpana ni nafasi finyu, mwembamba ni nafasi kubwa. Ukiwa mpana ncha moja na mwembamba nyingine, shingo imelika mshazari.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba haukuambii kilicholika ni nini. Nafasi ikizidi, weka beringi mpya za saizi ya kawaida upime tena. Ikizidi bado, krenki ndiyo imekwisha. Ipelekwe ikachongwe na ifungwe beringi za andasaizi (nene zaidi, za shingo iliyopunguzwa), kwa kawaida milimita 0.25. Kuchonga kepu kwa tupa au kutia karatasi nyuma ya beringi ni kuiua injini: beringi hukosa kukaa sawa, joto halitoki, nayo huzunguka ndani ya kiti chake. Pia uzi hauonyeshi vizuri shingo iliyopoteza uduara, hivyo pima mara mbili, ya pili baada ya kuuondoa uzi wa kwanza na kuzungusha krenki robo mzunguko.

Ukipima injini ikiwa ingali ndani ya gari, uzito wa krenki hulalia kepu na kipimo hudanganya. Inua krenki kwa jeki iliyowekwa chini ya uzani wake wa kusawazisha, taratibu.

Ukimaliza, usiukwangue utepe kwa kisu. Kitambaa chenye oili huuondoa bila kukwaruza beringi. Na dukani kagua: uzi unaokatika ukiukunja kidogo umekauka, usiununue.