Wamekata mkia wa Nyotamkia ya 1807, halafu wananiambia nisifungue mfuko

Nianze na kibandiko, maana hasira yangu yote iko hapo. Duka hili la sarafu huko Marekani, ambalo silitaji jina, hutuma kila sarafu ndani ya kimfuko cha plastiki laini, na mdomoni mwa kimfuko hubandika karatasi nyekundu yenye onyo: ukikifungua, haki ya kurudisha imekwisha. Kwa dola ya fedha naweza kuvumilia. Kwa senti kubwa ya shaba, ile ya zamani ya Marekani, ya hali ya juu, sharti hilo ni utapeli mtupu. Shaba haikaguliwi ndani ya plastiki. Plastiki ile inang'aa yenyewe, inaficha mikwaruzo myembamba, inaipa rangi uhai isiokuwa nao, na ukiinamisha sarafu chini ya taa huwezi kujua mwanga unarudi kutoka kwenye metali au kutoka kwenye mfuko.

Nilichoagiza ni senti ya 1807, Sheldon 271 (yaani S-271, namba ya aina yake katika orodha ya Sheldon), ile ambayo wakusanyaji huiita Nyotamkia. Muhuri wa chuma uliopigia upande wa kichwa uliumia, na jeraha hilo likaacha kwenye sarafu kauvimbe nyuma ya nywele za Bi. Uhuru, kenye kichwa na mkia. Si aina adimu. Katika kipimo cha uadimu, R1 ya kawaida hadi R8 adimu kabisa, imewekwa R1, na iliyochakaa utaipata bila kuhangaika. Taabu ni kuipata ikiwa na ukali wa mchoro, kahawia nzuri na uso usio na vitundu. Tangazo lao lilisema: AU50 (gredi ya sarafu iliyochakaa kidogo tu), kahawia ya chokoleti, uso asilia.

Ukali upo, siwaonei. Vikunjo vya nguo kifuani vinahesabika, nywele juu ya paji la uso zimetengana vizuri, na majani ya shada upande wa pili yana mishipa. Uzito ni gramu 10.8, na kawaida kwa senti zilizopigwa baada ya mwisho wa 1795 ni 10.89. Ukingo hauna maandishi, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo ni halali, na aina waliyoitaja ni sahihi. Baada ya hapo mambo yanaharibika.

Tazama nyuma ya kichwa kwa lenzi ya kukuza mara 10, taa ikiwa upande mmoja na chini, karibu ilale na meza. Metali ya sarafu iliyopigwa hutiririka kutoka katikati kwenda ukingoni, na huacha mistari midogo sana kama miale. Hiyo mistari ndiyo inayofanya mwanga uzunguke unapoigeuza sarafu. Kwenye AU lazima ibaki walau kati ya herufi za LIBERTY na pembezoni karibu na meno ya ukingo, ambako vidole havikufika. Kwenye hii, mistari ipo mbele ya uso na inapotea ghafla nyuma ya nywele. Mahali pake kuna uwanja laini, uliobonyea kidogo, wenye mikwaruzo inayokwenda upande mmoja na kusimama inapokaribia nywele, kwa sababu aliyekuwa akichonga aliogopa kugusa mchoro. Palikuwa na vitundu vya kutu pale, akavikwangua, kisha akapasugua kwa chuma laini mpaka pakalala. Na katika kukwangua, akaondoa nusu ya mkia wa nyotamkia!

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na sijatulia. Jeraha la muhuri hutokea kwenye sarafu kama kitu kilichoinuka, na hufifia polepole kwenye ncha. Mkia wa hii umekatika wima, na juu umelazwa bapa. Mtu yeyote anayeweza kuandika "S-271" kwenye lebo lazima aliutazama mkia huo, maana ndio alama ya kwanza ambayo kila mtu huitafuta. Aliutazama, akaandika "uso asilia", akabandika karatasi nyekundu.

Kisha rangi. Shaba ya asili iliyotembea kidogo haina rangi moja. Sehemu zilizoinuka, yaani bega, nywele za juu ya sikio na ncha za majani, huwa na kivuli chake kwa sababu ziliguswa na zikaanza kugeuka upya. Uwanja una kivuli kingine. Na kwenye pembe za herufi hubaki ung'avu wa zamani. Hii ni kahawia moja tambarare kutoka ukingo hadi ukingo, iliyokolea tu mashimoni, ambako dawa ilijikusanya. Njia ya kufanya hivyo inajulikana na haina siri: sarafu iliyong'arishwa kwa tindikali hubaki na rangi ya waridi isiyopendeza, basi hupakwa mafuta ya mgando yaliyochanganywa na unga wa salfa, huachwa igeuke, hufutwa, na mara nyingi juu yake huongezwa nta yenye rangi ili kuficha mahali ambapo salfa haikushika sawasawa. Metali iliyochongwa karibuni haigeuki sawa na metali ya miaka mia mbili. Ndiyo maana nyuma ya kichwa kuna uzambarau kidogo unaoonekana ukiipeleka karibu na dirisha mchana. Taa ya manjano ya mezani haiuonyeshi.

Nilifungua mfuko, ndiyo, na ningefungua tena. Kipimo cha nta ni rahisi. Chukua asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta. Mimina ndani ya bakuli la glasi, maana plastiki nyingine huyeyuka na kuacha utando. Laza sarafu humo dakika mbili tatu bila kuisugua, ishike kwa ukingo, kisha viringisha kijiti chenye pamba juu ya uwanja bila kukandamiza. Kiviringishe tu, usivute. Ukivuta, chembe moja ya mchanga inatosha kuandika mstari ambao hautatoka milele. Suuza kwa asetoni nyingine safi na iache ikauke yenyewe. Asetoni hainyang'anyi shaba utando wake wa asili, wala haiondoi rangi ya salfa iliyokwisha ungana na metali. Inaondoa mafuta mengi, baadhi ya nta, gundi na uchafu wa plastiki. Pamba yangu ilitoka kahawia, na uso asilia ukabaki kwenye kijiti.

Nikapiga simu. Aliyepokea hakuuliza hata namba ya ankara. Aliniambia, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto, kwamba shaba za miaka hiyo ndivyo zilivyo, nyeusi na zenye vitundu, na kwamba kama nataka kitu kinachong'aa ninunue senti ya Lincoln. Sasa hapa ndipo ujuzi wa nusu unapokera kuliko ujinga kamili. Senti zenye sifa ya kuwa na shaba laini, inayochakaa upesi na kuwa nyeusi, ni zile za 1808 hadi 1814, zenye kichwa kilichofungwa utepe. Za 1807 ni za mtindo uliotangulia, na vipande vingi vya shaba vya kipindi hicho vilinunuliwa vikiwa tayari kupigwa chapa, kutoka kwa mwenye kiwanda Boulton kule Birmingham, Uingereza, ambaye kazi yake ilikuwa safi. Senti za 1807 zenye uso laini wa kahawia zipo. Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama nimefungua mfuko. Nikasema nimefungua. Akasema basi hakuna la kuzungumza, akakata.

Kuhusu gredi, wasomaji wapya wasichanganyikiwe. Kampuni zinazofunga sarafu kwenye makasha magumu zina namna yao, na chama cha wakusanyaji wa shaba hizi, EAC (Early American Coppers), kilichoanzishwa 1967, kina namna yake kali zaidi. Wa EAC wanapima kwanza ukali wa mchoro peke yake, halafu wanakata kwa kila kasoro: kutu, mikwaruzo, kusafishwa, kuchongwa. Kinachobaki ndicho kinachoongoza bei. Hii ina ukali wa EF45, ngazi moja chini ya AU50. Ukikata uwanja uliochongwa na rangi ya kupaka unafika VF20, chini zaidi, na siku ya hasira kama leo naweza kuiita Fine 15 bila haya. AU50 haimo hata ukiwa mkarimu wa kupindukia.

Basi nilipe duka nyota moja kati ya tano, nikamaliza? Ningependa. Tatizo ni kwamba katika furushi lilelile kulikuwa na senti ya 1820, Newcomb 13 (N-13, namba katika orodha ya Newcomb), na hiyo ni sarafu nzuri kiasi kwamba inaniudhi. Nyekundu na kahawia kwa pamoja, nyekundu ikiwa imejificha kati ya nyota na ndani ya shada, mng'ao unazunguka bila kukatika, na madoa mawili meusi madogo ambayo duka liliyataja kwa uaminifu kwenye tangazo. Sarafu za namna hiyo nyingi zinatokana na hazina ya Randall: pipa dogo la mbao lililojaa senti za 1816 hadi 1820, lililokutwa jimboni Georgia chini ya jukwaa la reli baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na hatimaye likanunuliwa na John Swan Randall wa Norwich, New York. Ndiyo sababu 1818 N-10 na 1820 N-13 zinapatikana bila kuchakaa kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuitamka, wakati 1821 au 1823 ya hali hiyo ni habari nyingine kabisa. Duka liliifungasha vizuri, kadibodi mbili ngumu, bima kamili, na bei ilikuwa ya haki. Nikiitazama hiyo, nasema nyota tatu. Nikirudi kwenye 1807, narudi kwenye moja.

Kwa wanaotaka kununua kwao hata hivyo, na najua mtanunua, kwa sababu maduka yenye shaba nyingi nzuri hayajai mkononi: dai video kabla ya kulipa, si picha. Picha ya juu kwa juu huua mikwaruzo yote. Video ya sarafu ikizungushwa chini ya taa moja, ikiwa nje ya mfuko, itaonyesha kama mwanga unatembea au umekufa. Waulize kwa maandishi kama uso umechongwa, umepakwa rangi au umetiwa mafuta, maana "asilia" peke yake wanaijua namna ya kuitetea. Waambie pia watume sarafu bila ule mfuko laini. Ule ni plastiki ya PVC, nao ukikaa na shaba hutoa utelezi wa kijani unaokula metali. Yaani wanakukataza kufungua kitu ambacho kila mkusanyaji anajua lazima ukifungue upesi. Ihamishie kwenye kikoba cha pamba ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, au ya Mylar, plastiki isiyo na PVC. Na kwa walio pwani, Mombasa, Tanga au Muscat, weka pakiti za silika kwenye sanduku na uzikaushe kila zikibadilika rangi, kwani unyevu wa huko huotesha kutu ya kijani hata kwenye sarafu iliyokuwa safi. Anayetaka kuzoesha mkono wake kwenye asetoni na kijiti aanzie kwenye pesa ya shaba ya Seyyid Barghash ya 1299 Hijria iliyochakaa, ni nyingi na bei yake ni ndogo, asianzie kwenye Sheldon yoyote.

Baada ya barua pepe kadhaa nikiwaambatishia picha ya mkia uliokatwa na ya pamba, walilegea. Wamekubali kuipokea, lakini hawarudishi fedha. Wanatoa salio la kununulia kwao, pungufu kwa asilimia 15, "gharama ya kuirudisha rafuni". Kuirudisha rafuni! Maana yake ni kwamba itauzwa tena, na nimeangalia: tangazo halijabadilishwa neno hata moja.

Nimechukua salio, kwa sababu wana 1818 N-10 yenye ule ufa unaopita kwenye nyota zote, na video yake, niliyoidai, haina cha kulaumu. Kwa hiyo nyota mbili, moja ya 1820 na moja ya mtu wao wa ufungashaji. Wakitaka ya tatu, wanirudishie ile asilimia 15 na waandike "umechongwa" kwenye 1807.