Kuunga kebo ardhini penye maji: kifaa kipi kinafaa pesa yako

Kwanza jiulize kama kiungo chenyewe kinahitajika. Kebo nzima isiyokatwa haina pa kuvuja, na mara nyingi kuongeza mita chache ni nafuu kuliko kifaa kizuri cha kuungia.

Ikibidi kuunga, ogopa hewa kama unavyoogopa maji. Kiboksi chenye uwazi ndani hupata joto mchana na kupoa usiku. Kikipoa hufyonza unyevu, unageuka matone na kubaki humo. Kwa hiyo napanga vifaa kwa kigezo kimoja: nafasi iliyobaki ndani.

Namba moja ni seti ya resini. Unachanganya kemikali mbili, unamimina kwenye ganda la plastiki, zinaganda pamoja na kebo. Hakuna uwazi unaobaki. Ubaya wake ni kwamba haifunguki tena. Ukikosea, unakata na kuanza upya. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, na uchague saizi kwa unene wa nje wa kebo. Ikiwa kebo ina deraya ya chuma (nyaya za chuma zinazoikinga chini ya ganda), seti iwe na kiunganishi cha kuiendeleza, la sivyo ethi, yaani njia ya usalama ya umeme kwenda ardhini, itakatikia hapo. Usifukie kabla haijakauka, na baridi huichelewesha.

Ya pili ni kiboksi kilichojazwa jeli. Unaunga, unafunga, umemaliza, na siku ya matengenezo unakifungua. Kwa taa za bustani zinazoongezwa kila mara ningekichagua kabla ya resini. Kwa kebo kuu, hapana.

Ya tatu ni mirija inayonywea kwa joto, lakini ile yenye gundi ndani tu. Ya kawaida, isiyo na gundi, inaonekana imebana vizuri huku maji yakipita chini yake. Ukiipasha, gundi ijitokeze kidogo kwenye ncha zote mbili. Iliyoandikwa 3:1 hunywea hadi theluthi ya upana wake. Inafaa kiungo kilichonyooka. Palipo na tawi, pembe ya kati ya kebo mbili huachwa wazi.

Viunganishi vya kukaza kwa mkono nimeviweka nafasi ya nne, hata vyenye alama ya IP68 (IP ni kipimo cha kuzuia vumbi na maji). IP67 hupimwa kwenye kina cha mita 1 kwa dakika 30; IP68 ni kina na muda anaoutaja mtengenezaji, basi soma karatasi yake. Mpira wa viunganishi hivi hushika kebo ya duara. Kebo bapa, au mbili katika tundu moja, zitavuja.

Tepu ya mpira inayojishika yenyewe ni nyongeza tu, nayo ivutwe sana wakati wa kuizungusha. Tepu ya kawaida ya umeme peke yake usiizike. Silikoni yenye harufu ya siki nayo iache dukani: asidi yake hula shaba.

Lolote utakalonunua, sugua ganda la kebo kwa msasa na ulifute likauke. Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, maji yameshapanda ndani kati ya nyuzi. Kata hadi ufikie inayong'aa. Kwa umeme wa nyumba, zima, umwite fundi, na apime insulesheni kwa mega (kipimo kinachoonyesha kama umeme unavuja) kabla mtaro haujafukiwa.