C12, petroli ya mashindano ya VP Racing: nzuri kwenye injini, mabaki yake yana kazi

Kwa injini ya mashindano isiyo na katalisti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi), C12 tunaipa alama za juu: oktani (uwezo wa petroli kuzuia injini kugonga) ni 108 kwa kipimo cha MON, cha injini inayofanya kazi nzito, hivyo injini haigongi. Kazi huanza msimu ukiisha. Ina madini ya risasi (ledi), hivyo ukiimimina kwenye gari la kawaida utaua sensa ya oksijeni na katalisti. Ihifadhi kwenye debe la chuma lililofungwa barabara, kivulini. Kabla ya kuitumia tena, mimina kidogo kwenye chupa ya kioo: ikinuka kama vanishi, iache, itaziba jeti za kabureta. Ikiwa bado safi, changanya lita 1 na lita 4 za petroli, kwa injini kuukuu ya kabureta tu. Usioshee spea; risasi hii hupenya ngozi! Iliyochacha wapelekee wakusanyaji wa taka hatarishi.